Mkifika Verona, waachieni mahujaji siku moja ya Mantova

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenzangu tunaopanga safari za mahujaji kutoka Uganda kwenda Italia, na pia na wasomaji wanaozilipia safari hizo kwa akiba ya miaka. Ratiba zetu zinafanana kama mapacha. Roma, Assisi, Padova kwa Mtakatifu Antonio, nusu siku Venezia ya kupiga picha, kisha Verona kwa ajili ya Mtakatifu Daniele Comboni. Kila saa imekwisha kujazwa kabla ndege haijaondoka Entebbe. Ombi langu ni dogo: siku ya pili ya Verona iachwe wazi, asipangiwe mtu kitu, na asubuhi hiyo anayetaka apande treni aende Mantova, jioni arudi kulala.

Watu wa Gulu, Arua na Lira hawahitaji kuambiwa Verona ni nini. Wakomboni waliingia kaskazini mwa nchi yetu mwaka 1910, na wazee mpaka leo huwaita Mapadri wa Verona. Comboni mwenyewe alizaliwa mwaka 1831 Limone, kando ya Ziwa Garda, akaanzisha shirika lake Verona mwaka 1867, akafia Khartoum mwaka 1881. Jambo ambalo ratiba zetu hazilisemi ni kwamba Ziwa Garda lina mlango wake, kama Ziwa Viktoria lilivyo na Jinja. Mto Mincio hutokea hapo, mahali paitwapo Peschiera, ukateremka kusini mpaka Mantova, ukatanuka kuwa maziwa matatu yanayoukumbatia mji, kisha ukaenda kumwaga maji katika mto mkubwa wa Po. Maji aliyoyatazama Comboni utotoni ndiyo hayo yanayopita chini ya madaraja ya Mantova. Kwa hujaji aliyekuja kwa ajili yake, hiyo pekee ni sababu ya kutosha, hata kabla hatujafika kwenye majumba ya watawala.

Wenzangu hunijibu kwamba safari ya ghafla Ulaya ni ghali, na kwamba asiyekata tiketi miezi miwili kabla atajuta. Hilo ni kweli kwa treni za kasi, zile za kutoka Roma kwenda Milano, ambazo bei hupanda kadiri siku inavyokaribia na viti vinavyopungua. Treni za mkoa hazina tabia hiyo. Nauli yake hukokotolewa kwa kilomita, haina kiti maalumu, na anayenunua dakika kumi kabla ya safari hulipa sawasawa na aliyenunua mwezi uliopita. Kutoka stesheni ya Verona Porta Nuova hadi Mantova ni takriban kilomita 40, mwendo wa dakika 45 hadi 50, na nauli ya kwenda iko chini ya euro 6. Ni kama Kampala na Entebbe, ila hakuna foleni ya Kajjansi. Ndiyo maana nachagua Mantova, siyo mji mwingine ulio mbali wenye sifa kubwa zaidi: kuamua asubuhi hakukugharimu chochote, na hata mvua ikinyesha ukabadili nia, umepoteza tu bei ya chai.

Ghafla, hata hivyo, si sawa na ovyo. Kuna mambo machache ambayo asiyeyajua huharibikiwa siku nzima, na karibu yote hutokea kabla hata hajaketi kwenye treni.

La kwanza ni saa. Ratiba za Italia huandikwa kwa saa 24, na sisi tunaohesabu saa moja baada ya jua kuchomoza tunapaswa kutoa sita. Treni ya 9:30 ni saa tatu na nusu asubuhi. Ya 15:30 ni saa tisa na nusu alasiri. Ya 18:45 ni saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano jioni. Katika kikundi chenye wazee, kiongozi akisema "treni ya saa tisa" bila kufafanua, nusu watafika asubuhi na nusu alasiri. Andika namba zote mbili kwenye karatasi. Ongeza na hili: Italia iko nyuma ya Uganda saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa joto, kwa hiyo saa ya mkononi isiyobadilishwa itakufikisha mapema mno, na hiyo angalau ni afadhali kuliko kuchelewa.

La pili ni mabango. Bango la njano limeandikwa Partenze, yaani zinazoondoka. Jeupe limeandikwa Arrivi, zinazofika. Mgeni akisoma jeupe atasimama jukwaa la treni inayotoka Mantova. Katika bango la njano, nyundo mbili zilizopishana zina maana ya siku za kazi, na msalaba una maana ya Jumapili na sikukuu. Jumamosi kwao huhesabiwa siku ya kazi. Kwenye bango la umeme, jina linaloonekana kwa maandishi makubwa ni kituo cha mwisho, na treni ya kwenda Mantova inaweza kuandikwa Modena kwa sababu inaendelea mbele. Soma orodha ya vituo vya njiani inayopita chini yake kabla hujakata tamaa. "Binario" ni namba ya jukwaa. "Ritardo" ni dakika za kuchelewa. "Cancellato" au "soppresso" ni treni iliyofutwa, tafuta nyingine. Na kwenye mashine ya tiketi andika Mantova kwa Kiitaliano, kwa sababu ramani nyingi za Kiingereza humwandikia msomaji Mantua.

La tatu, na ndilo linalowaumiza Waganda wengi mfukoni, ni kugonga tiketi. Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa haijawa hai mpaka uiingize katika kijisanduku kilichobandikwa ukutani au kwenye nguzo, kikaichapa tarehe na saa. Ikishachapwa hudumu saa nne. Ukipanda bila kuigonga, mkaguzi hatasikiliza kwamba umelipa. Kwake hujalipa, na faini yake inaweza kufika mara kumi ya nauli. Sanduku likiwa bovu, andika kwa kalamu tarehe na saa juu ya tiketi, kisha umtafute mkaguzi mwenyewe kabla hajakutafuta. Tiketi ya simu nayo ina utaratibu wake: lazima uithibitishe kwenye simu kabla ya kupanda, na kwa hilo unahitaji intaneti. Mwenye laini ya Uganda isiyoshika vizuri ugenini anunue karatasi tu. Tiketi ya kurudi iwe ya pekee, nayo igongwe wakati wa kurudi, siyo zote mbili asubuhi.

Pasipoti iende nawe, ile halisi. Viza ya Schengen haikuulizi unalala mji gani ndani ya Italia, wala safari ya siku moja haiongezi hata muhuri, lakini mgeni anatakiwa aweze kujitambulisha polisi wakimwomba, na stesheni ndiko wanakoomba. Kuiacha hotelini kwa kuogopa wezi ni kuogopa fisi ukamkimbilia simba. Itie kwenye mkoba wa kifuani, chini ya shati.

Siku gani? Jumatatu usiende. Palazzo Ducale, jumba kubwa la watawala, hufungwa Jumatatu, na safari nyingi za ghafla hufia hapo kwa sababu vikundi hupewa mapumziko baada ya misa ya Jumapili. Alhamisi asubuhi kuna soko la wiki katikati ya mji, nguo, jibini, sufuria, kila kitu. Linapendeza ila viwanja hujaa na huwezi kuziona kuta vizuri. Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya serikali ya Italia huingiwa bure, na Palazzo Ducale imo. Palazzo Te, jumba la starehe la watawala haohao, haimo, kwani hiyo ni mali ya manispaa. Bure hiyo nayo ina bei yake, yaani foleni. Mwanzoni mwa Septemba mji hufurika kwa tamasha la vitabu ambalo limekuwepo tangu mwaka 1997. Kwa asiye na haja na vitabu, asogeze wiki moja mbele.

Halafu kuna mgomo, "sciopero", ambao Waitaliano huutangaza mapema na mara nyingi huuweka Ijumaa. Wengi wakisikia mgomo huvunja safari. Sheria yao inalinda treni za mkoa siku za kazi kati ya 6:00 na 9:00 na kati ya 18:00 na 21:00, yaani, kwa saa zetu, kumi na mbili mpaka tatu, asubuhi na jioni. Aliye tayari kuondoka alfajiri na kurudi baada ya jua kuelekea kuzama anaweza kwenda hata siku ya mgomo. Jumapili na sikukuu kinga hiyo haipo.

Kutoka stesheni ya Mantova hadi katikati ya mji ni mwendo wa dakika 10 hadi 15 kwa mguu, hakuna haja ya teksi wala basi. Viatu ndivyo vya kuangalia. Mitaa ya zamani imetandikwa mawe ya mviringo ya mtoni, na wanaovaa viatu vya kisigino kwa ajili ya picha huishia kukaa mgahawani wakiwasubiri wengine. Anayekodi gari naye ajue kwamba katikati ya mji pamefungwa kwa magari yasiyo na kibali, na mlinzi ni kamera. Faini haipigwi papo hapo. Hufika miezi kadhaa baadaye kupitia kampuni iliyokodisha gari, na juu yake kampuni huongeza ada ya kazi ya karatasi.

Mpangilio wa siku unategemea kanisa moja. Basilika ya Mtakatifu Andrea hufungwa adhuhuri na kufunguliwa tena alasiri, kwa hiyo anza nayo. Ilichorwa na Leon Battista Alberti, ujenzi ukaanza mwaka 1472, mwaka ambao yeye mwenyewe alifariki, na kuba lake liliongezwa karne ya 18 kwa ramani ya Filippo Juvarra. Ndani, chini ya sakafu, huhifadhiwa masalia ambayo mapokeo husema ni udongo uliolowa Damu ya Kristo, ulioletwa na Longino, askari aliyemchoma mkuki. Masalia hayo hutolewa hadharani Ijumaa Kuu. Mchoraji Andrea Mantegna, aliyefariki mwaka 1506, amezikwa katika kikanisa cha kwanza upande wa kushoto. Mabega yafunikwe, kofia ivuliwe; haya mahujaji wetu wanayajua kuliko watalii wengine.

Hatua chache kutoka hapo ni Piazza Erbe, na katika uwanja huo kuna kanisa dogo la duara, San Lorenzo, la karne ya 11, ambalo unashuka ngazi kuliingia kwa sababu mji umepanda juu yake. Kwa muda mrefu lilikuwa limemezwa na nyumba za watu, likafumuliwa tena mwanzoni mwa karne ya 20. Kando yake ni mnara wenye saa iliyotengenezwa na Bartolomeo Manfredi mwaka 1473. Enzi hizo miji ya Italia ilihesabu saa kuanzia jua linapozama, jambo ambalo Mzungu wa leo huhitaji kuelezwa mara tatu, lakini mtu wa Kiswahili au wa Luganda huelewa mara moja.

Endelea mpaka Piazza Sordello, na hapo ndipo Palazzo Ducale. Ukoo wa Gonzaga ulitwaa mji mwaka 1328 ukautawala hadi 1707, na kila mtawala aliongeza chumba, ua au ngazi mpaka jumba likawa na vyumba zaidi ya 500. Usijaribu kuvimaliza. Wageni hulalamika kwamba kuta nyingi ziko tupu, na wana haki ya kuuliza. Kati ya 1627 na 1628 akina Gonzaga, wakiwa wamelemewa na madeni, waliuza sehemu kubwa ya michoro yao kwa Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza. Mwaka 1630 majeshi ya dola ya Wajerumani yakauvamia mji na kuupora, na tauni ikamalizia. Ukitaka kuona mali ya Mantova leo, utaikuta Paris, Madrid na London. Sisi ambao vitu vya mababu zetu viko katika makumbusho hayohayo tunaweza kutembea katika vyumba hivyo kwa macho tofauti kidogo.

Kilichobaki ni kile kisichobebeka. Katika mnara wa ngome ya San Giorgio, iliyo sehemu ya jumba hilo, kuna chumba cha mraba, upande mmoja kama mita 8, ambacho Mantegna alikichora kati ya 1465 na 1474. Huitwa Camera degli Sposi. Ukutani yumo Ludovico Gonzaga ameketi na mkewe Barbara na watoto wao, mbwa amelala chini ya kiti. Lakini inua macho. Katikati ya dari amechora tundu la duara linaloonyesha anga, kana kwamba paa limetobolewa, na watu wanachungulia chini kukutazama: watoto wenye mabawa, tausi, wanawake wanaocheka. Mmoja wa wanawake hao ni mweusi, amefunga kilemba cha mistari. Yuko pale tangu kabla ya 1474, juu ya vichwa vya watawala.

Alikuwa nani, jina halikuandikwa. Tunajua tu desturi ya nyumba zile. Mwaka 1491 Isabella d'Este, aliyeolewa katika ukoo huo mwaka mmoja kabla, alimwandikia wakala wake Venezia amtafutie mtoto wa kike mweusi, mweusi kadiri iwezekanavyo, mwenye umri kati ya mwaka mmoja na nusu na minne. Barua hiyo ipo. Isabella husifiwa sana, na kwa haki, kwa elimu yake na kwa wasanii aliowalea. Lakini kiongozi wa kikundi kutoka Uganda akimsifu bila kuitaja barua hiyo huwa ameacha kazi nusu. Simameni chini ya lile tundu, mtazameni yule mama, na mseme mtakalosema.

Sasa tatizo la chumba hiki: idadi ya wanaoingia ina kikomo na kila kundi hupewa dakika chache, kwa sababu pumzi na jasho la watu hupeleka unyevu kwenye rangi iliyo juu ya plasta, na plasta ikilowa na kukauka mara kwa mara huanza kubanduka. Nafasi huuzwa kwa saa maalumu. Hapa ndipo safari ya ghafla hujikwaa. Dawa yake ni kutazama nafasi kwenye simu ukiwa bado Verona, na kuchukua ile ya kuanzia 11:30, ili uwe umeshatoka kanisani. Ukikosa kabisa, ingia jumba hata hivyo, lakini ulize dirishani kwanza kama tiketi unayouziwa inajumuisha chumba hicho, maana kuna inayojumuisha na kuna isiyojumuisha. Hapo pia ndipo sababu ya kusema kikundi cha watu 30 hakiwezi kwenda ghafla. Wagawanyike wanne wanne au sita sita, kila kundi na mtu mmoja mwenye simu inayofanya kazi. Wenye chini ya miaka 18 huingia bure hata wakiwa wageni. Punguzo la vijana wa miaka 18 hadi 25 ni la raia wa Umoja wa Ulaya, msipoteze muda kubishana nalo.

Ukitoka, vuka daraja la San Giorgio kwa miguu, geuka nyuma. Hapo utaona mji wote umekaa juu ya maji. Asubuhi jua huupiga usoni. Jioni huwa nyuma yake na utapata kivuli tu, kizuri kwa namna yake. Maziwa hayo hayakuumbwa hivyo. Mwishoni mwa karne ya 12 mhandisi Alberto Pitentino aliuzuia Mincio kwa kingo ili mji uzungukwe na maji pande zote kama boma, na yalikuwa manne; la nne, la upande wa kusini, lilikaushwa karne ya 18. Julai na Agosti ziwa la juu hufunikwa na maua ya lotusi ya waridi, makubwa kuliko sahani. Yaliletwa kutoka Asia mwaka 1921, yakapenda, yakaenea, na sasa hulazimu kukatwa kila mwaka ili mashua zipite. Mtu aliyeliona gugu maji la Ziwa Viktoria ataelewa bila mkalimani.

Maji yaliyotulia yana mbu. Mantova ilikuwa mji wa malaria kwa karne nyingi. Leo haina, Italia yote ilitangazwa huru mwaka 1970. Mbu wa sasa wanakera tu, hivyo beba dawa ya kujipaka kuanzia Juni mpaka Septemba. Lakini msikilizeni mpangaji mwenzenu hapa: hujaji akipata homa akiwa Italia, aseme mapema kwa daktari kwamba ametoka nchi yenye malaria. Vimelea alivyotoka navyo nyumbani vinaweza kuamka baada ya wiki mbili, na daktari asiyeona malaria kila siku anaweza kudhani ni mafua. Sentensi hiyo moja ya Kiitaliano, "vengo dall'Uganda", iandikwe kwenye kadi ya kila msafiri.

Chakula kiliwe mchana, siyo jioni. Majiko ya mikahawa hufungwa karibu 14:30, yaani saa nane na nusu, na hufunguliwa tena 19:30, wakati ambao unapaswa kuwa stesheni. Mlo wa mji ni tortelli di zucca, maandazi membamba ya unga yaliyojazwa boga, jibini, biskuti za lozi na matunda yaliyokolezwa haradali. Ni tamu na chumvi kwa pamoja, na wengine hushtuka katika tonge la kwanza. Wale waliolelewa kwa boga la kuchemsha watalizoea. Samaki wa ziwa huja na polenta, ambayo ni posho ya njano, laini kuliko yetu. Msiilipie bei ya ajabu kwa kudhani ni kitu kigeni.

Ndugu Waislamu wanaosafiri na makundi haya, maana wapo, waulize kabla ya kuagiza. Wali uitwao risotto alla pilota huchanganywa na nyama ya nguruwe. Agnolini ni vifurushi vya nyama ndani ya mchuzi, na kuna wenyeji wanaomimina divai nyekundu ndani ya bakuli hilohilo. Stracotto d'asino ni nyama ya punda. Hata keki maarufu ya hapo, sbrisolona, kwa jadi hukandwa kwa mafuta ya nguruwe pamoja na siagi. Uliza neno "strutto", ukisikia ndiyo, iache. Isiyo na mafuta hayo ipo na ni nzuri sana: ngano, unga wa mahindi, sukari na lozi, ngumu kama jiwe, huvunjwa kwa mkono wala haikatwi kisu. Haiharibiki upesi, kwa hiyo ndiyo zawadi ya kupeleka Kampala. Bili ya mgahawa itakuwa na euro 2 au 3 kwa kila mtu ziitwazo "coperto". Ni ada ya kukaa mezani, siyo wizi.

Alasiri ni ya Palazzo Te, kusini, kama dakika 20 hadi 25 kwa mguu kutoka Piazza Sordello. Federico Gonzaga alimwita Giulio Romano, mwanafunzi wa Raphael, ajenge jumba la starehe mahali palipokuwa na mazizi ya farasi, na kazi ilichukua takriban miaka kumi kuanzia 1525. Farasi wenyewe wamechorwa ukutani, ukubwa wao halisi, kila mmoja kama mtu aliyekuja kupigwa picha. Chumba cha Majitu ndicho kinachowanyamazisha watu: pembe za kuta zimefichwa kwa rangi, ukuta unapanda ukawa dari bila mstari, na majengo yanawaangukia majitu kila upande. Mtu akinong'ona pembe moja, aliye pembe ya mkabala husikia. Viongozi wa vijana na wa kwaya za kanisa nawatahadharisha kuhusu chumba cha Psyche: kina watu uchi wengi, na si uchi wa malaika. Kipiteni kwa haraka au waambieni mapema.

Tenga euro 15 hivi kwa kila jumba, nauli isiyofika 12 kwenda na kurudi, na 20 hadi 25 za chakula. Jumla ni chini ya 70, sawa na takriban shilingi 280,000 za Uganda. Kwa asiye nazo zote, nashauri achague jumba moja: Palazzo Ducale kama amepata nafasi ya chumba cha Mantegna, vinginevyo Palazzo Te. Desemba na Januari ukungu wa bonde la Po unaweza kufunika maziwa siku nzima, hivyo siku hizo majumba ndiyo yote utakayoona. Julai mchana joto hupita nyuzi 35, na unyevu wa maji hulifanya zito kuliko la Kampala.

Kutoka Palazzo Te nenda moja kwa moja stesheni, karibu dakika 20, bila kurudi katikati ya mji. Hesabu treni za jioni ukiwa bado una chaji, hasa Jumapili ambapo zimepungua, na usilenge ya mwisho bali ile inayoitangulia. Tiketi ya kurudi, tena, igongwe.

Wako,
Mpangaji wa safari za mahujaji,
Kampala